Niliomba, akafa. Niombe tena?

BARUA

Mimi ni mjane wa miaka 47, naishi Ngaramtoni. Nalima mahindi na maharage, na siku za soko nauza ndizi na parachichi. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa saratani ya umio. Katika kuugua kwake tuliomba sana. Jumuiya walikuja, umoja wa wanawake walikuja, tulifunga na kukesha. Shemeji akanipeleka kwa mtumishi mmoja huko mjini. Nikatoa mtamba wangu kuwa sadaka ya kupanda mbegu, nikaahidiwa kwamba ndani ya siku 21 mgonjwa atakula nyama choma. Siku ya 21 alikuwa hawezi kumeza hata mate. Waliotusaidia mwishoni ni wauguzi wa tiba shufaa wa hospitali ya Selian, waliokuwa wakija nyumbani na dawa ya maumivu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Watu wakija kumwombea, mume wangu alijilazimisha kunywa uji mbele yao ili wasivunjike moyo. Wakishavuka geti anautapika. Mimi nashika beseni, na dakika chache nyuma nilikuwa nimesema Amina pamoja nao.

Baada ya mazishi mama mmoja wa usharika wetu wa KKKT aliniambia huenda imani yangu ilitetereka. Kisha jirani yangu, ambaye mumewe alipata kiharusi akapona, alitoa shukrani kanisani: dume la ng'ombe, kwaya, ushuhuda mrefu. Akasema Mungu huwasikia wanaomwomba kwa moyo wote. Nilitoka nje kabla ya mnada wa sadaka, na tangu siku ile salamu zetu ni za mbali.

Binti yangu yuko chuoni. Ananiuliza: Mama, kama Mungu anajua yote, unamwambia kipi asichokijua? Na kama ameshapanga, unataka avunje mpango wake kwa ajili yako? Sikuwa na jibu. Siku hizi nikipiga magoti naweza kushukuru, naweza kutubu, lakini nikifika mahali pa kuomba kitu ulimi unagoma. Kijana wangu anafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba, nami naogopa kumwombea. Je, kumwomba Mungu vitu kuna maana yoyote?

Mama wa Ngaramtoni

MAJIBU

Pole sana, mama, kwa kufiwa, na pole ya pili kwa yale uliyoambiwa baada ya kufiwa. Msiba wa kwanza ulikuja na saratani. Wa pili umeletwa na midomo ya watu, na huo naweza kuujibu bila kusitasita: mume wako hakufa kwa sababu imani yako ilipungua. Saratani ya umio imeshamiri katika ukanda huu wa Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na ubaya wake ni kwamba hujificha. Mtu anapoanza kukwamwa na ugali, mara nyingi uvimbe umeshakua kiasi cha kuwashinda madaktari. Unawapata Walutheri na Wakatoliki, Waislamu na walokole, wanaokesha na wanaolala.

Wewe ni mkulima, kwa hiyo tuanzie shambani. Shika barabara ya Namanga kutoka hapo kwako. Mlima Meru unao mkono wa kulia. Kwenu kuna migomba, kahawa, mahindi yenye afya mwaka ukiwa mwema, na juu kidogo msitu wa Olmotonyi. Haupiti muda mrefu kijani kinaanza kufifia, na ukifika Oldonyosambu umeingia nchi ya vumbi na migunga, wanawake wanaswaga punda waliobeba madumu ya maji. Ni mlima uleule. Pepo zinazobeba mvua hutoka Bahari ya Hindi upande wa kusini mashariki, zikigonga mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 hupanda, hupoa, na kumwaga maji yake huko huko. Upande wa nyuma unapata masalia.

Sasa niambie, watu wa Oldonyosambu hawaombi? Wana makanisa yao. Wana wazee wanaojua kumwita Engai, yaani Mungu kwa Kimaasai, tangu kabla mmisionari wa kwanza hajaliona Meru. Wana akina mama ambao mvua ikichelewa hukusanyika kumwomba, kama walivyofanya bibi zao chini ya mti wa oreteti. Pengine wanaomba kuliko ninyi, maana mwenye njaa huomba kwa bidii. Na bado sijawahi kumsikia mtu wa Ngaramtoni akisema kwamba Oldonyosambu ni kukavu kwa sababu imani yao imetetereka. Tungemwona mpumbavu, kwa kuwa sote tunajua ni mlima. Ajabu ni kwamba ugonjwa ukishaingia katika nyumba ya mtu, tunaisahau hekima hiyo yote na kuanza kumpima mgonjwa na mke wake.

Nasema hivi ili tutenganishe mambo mawili ambayo barua yako imeyabeba pamoja. La kwanza ni kama kuomba kunafanya kazi kwa namna ambayo dawa inafanya kazi, kiasi kwamba aliyeomba zaidi atapata zaidi. La pili ni kama kuomba kuna maana. Jibu langu kwa la kwanza ni hapana. Kwa la pili ni ndiyo. Na ninaamini mtu akikosea kwa kujibu ndiyo katika la kwanza, anaishia kulipoteza la pili, kama lilivyotaka kukupotea wewe.

La kwanza limewahi kupimwa. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani, Herbert Benson, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita. Wagonjwa waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza waliombewa, lakini waliambiwa tu kwamba huenda wataombewa, huenda hapana. Wa pili hawakuombewa na waombaji wa utafiti, nao waliambiwa vivyo hivyo. Wa tatu waliombewa na wakahakikishiwa kwamba wanaombewa. Vikundi vya Wakristo vilitajiwa majina na kuomba kwa siku 14. Kisha wakahesabu waliopata matatizo baada ya upasuaji. Kundi la kwanza asilimia 52. Kundi la pili asilimia 51. Kundi la tatu, wale waliojua kwa hakika kwamba kuna watu wanawaombea, asilimia 59.

Wasioamini walicheka, waumini wakasema Mungu hajaribiwi. Mimi nilipokuwa nasoma barua yako nilimfikiria mume wako na ule uji. Watafiti wenyewe walijiuliza kama wale wa kundi la tatu hawakulemewa: mtu anajisemea, kumbe nimezidiwa hivi hadi nimeitiwa waombaji, au anaona ni lazima apone ili asiwaangushe. Hiyo ilikuwa dhana yao, haikuthibitishwa. Lakini kwako, mama, ulikuwa unaiona dhana hiyo kwa macho yako na beseni mkononi. Mgonjwa aliyepaswa kuhudumiwa aligeuka kuwa mhudumu wa imani ya wageni wake. Akabeba saratani, na juu yake akabeba kazi ya kuonekana anapona. Wale watu walimpenda, sina shaka. Walikuwa wameingia na jibu tayari mfukoni, wakimtaka yeye alithibitishe.

Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kukuambia. Ukinunua LUKU, ukaingiza zile tarakimu 20, umeme unawaka. Mita haikuulizi u mzima, wala haina hiari ya kukataa. Tarakimu zikiwa sahihi itawasha, zikikosewa haiwashi, na kosa ni lako. Lakini ukimpigia kaka yako simu kumwomba laki moja ya ada, umeingia katika jambo la aina nyingine kabisa. Anaweza kukupa. Anaweza kusema subiri. Anaweza kusema hapana kwa sababu ambazo hatakueleza. Na hata akikunyima, hutasema kwamba ulikosea namba. Kitu kinachotoa kila mara kinapobonyezwa hakiombwi, kinatumiwa. Ombi ni ombi kwa sababu upande wa pili kuna mwenye hiari.

Kwa hiyo yule anayekuambia ukiomba hivi, ukitoa hivi, ukikiri hivi kwa kinywa, ni lazima upate, huyo hakufundishi kuomba. Amemwondoa Mungu akaweka mita. Na mita isipowaka, hana pa kupeleka lawama isipokuwa kwako wewe uliyeingiza namba. Ndiyo maana lawama ile ilikufikia haraka hivyo baada ya mazishi. Yule mama wa kanisani hakuwa na nia mbaya hasa, alikuwa anailinda mita yake.

Uhakika huo unaua watu, na sisi wa kaskazini tunao ushahidi. Jioni ya Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo pale Moshi, umati uliambiwa upite juu ya mafuta ya upako. Watu 20 wakafa kwa kukanyagana. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 2011, nusu ya nchi ilikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu. Nitamtendea haki Babu: kikombe chake kilikuwa shilingi 500, si mtamba, na sijaona kwamba alijenga ghorofa. Lakini wagonjwa waliotolewa wodini walifia kwenye foleni ya magari, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya VVU wakiamini wameshapona. Sioni kosa katika kumwendea mtu wa Mungu. Kilichowaponza ni kuwa na hakika ambayo mwombaji hana haki ya kuwa nayo.

Hata taifa zima linaweza kufunga hesabu mapema. Aprili 17 hadi 19, 2020 tuliitwa kwenye siku tatu za maombi dhidi ya korona, na mimi niliitika, sijutii. Mwishoni mwa mwezi ule takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa, na Juni Rais Magufuli akatangaza kanisani Dodoma kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa. Waliougua baada ya tangazo hilo wakawa hawana jina la kuuita ugonjwa wao. Ombi likishatangazwa kuwa limejibiwa, ole wake anayeendelea kukohoa.

Sasa binti yako. Usimwogope, na usimwambie asiulize maswali ya namna hiyo. Kauliza jambo ambalo Origen wa Alexandria, Mwafrika wa Misri, aliulizwa na rafiki yake Ambrose katika karne ya tatu, naye akaandika kitabu kizima kulijibu. Na takriban mwaka 412 mwanamke mmoja aitwaye Proba, mjane kama wewe, alimwandikia askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, akitaka kujua namna ya kuomba. Proba alikuwa tajiri wa Roma aliyekimbilia Afrika baada ya mji wake kutekwa na kuporwa mwaka 410. Askofu huyo ni Augustino, na barua aliyomjibu bado inasomwa. Alimwambia kwamba hatuombi ili kumpa Mungu taarifa. Tunaomba ili hamu yetu ipanuke, tuwe na nafasi ya kupokea kile anachotaka kutupa. Pia alimwambia jambo ambalo wahubiri wa siku hizi wanalipita haraka: kwamba katika mateso hatujui tuombe nini, na ni ubinadamu kuomba tu mateso yaondoke.

Kuhusu mpango wa Mungu, Thomas Aquinas katika karne ya 13 alijibu kwamba hatuombi ili kuubadili, bali ili tupate yale aliyopanga yapatikane kwa njia ya kuombwa. Karne moja na zaidi kabla yake Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameshasema jambo la jamaa hilo kuhusu dua na kadari. Anayesema yote yameandikwa kwa hiyo haombi, basi aache pia kumwagilia alichopanda, kwa sababu mavuno nayo yameandikwa. Hapo mkulima anaelewa. Binti yako mwenyewe anajisomea mtihani ingawa Mungu anayajua matokeo.

Majibu hayo ni mazuri na unaweza kumpa. Lakini nitakuwa mkweli kwako, jibu la Augustino likichukuliwa peke yake halinitoshi. Kama faida ya kuomba ni kunibadilisha mimi tu, basi ningeweza kukaa kimya nikavuta pumzi, nikapata faida ileile, na Mungu asihusike. Wapo wanaosema hivyo siku hizi kwa sauti ya upole sana, na ukiwasikiliza vizuri wanakuambia kwamba ulikuwa unaongea peke yako. Wewe hukukesha kando ya kitanda ili upanue hamu yako. Ulikesha kwa sababu yule alikuwa mume wako, koo lilikuwa limeziba, na ulikuwa unamfahamu mmoja tu anayeweza. Ulimwambia. Kungekuwa na ajabu gani kama ungemjua, ukamtegemea, ukamshukuru kwa mvua na kumtubia dhambi, halafu jambo kubwa kuliko yote katika maisha yako ukalificha asilisikie?

Ndiyo maana nasema kuomba kuna maana hata pale ambapo hukupata ulichoomba. Kuna maana kwa sababu ya yule unayemwambia na yule unayemwombea. Yesu katika bustani ya Gethsemane aliomba jambo mahususi kabisa, aepushwe na kifo kile, akarudia mara tatu, na hakuepushwa. Sijaona Mkristo anayethubutu kusema kwamba ombi lile halikuwa na maana, au kwamba mwombaji alikuwa na imani haba.

Kwa nini mume wa jirani ndiyo na wako hapana? Nimesoma majibu mengi ya swali hilo, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulisoma mbele ya jeneza bila aibu. Kiharusi na saratani ya umio ni magonjwa mawili, hilo ni sehemu ya jibu, kama ulivyo mlima. Sehemu iliyobaki usimruhusu mtu akujazie kwa haraka, akiwa mchungaji au akiwa mimi.

Na kwa kuwa wewe ni Mlutheri, kuna habari mbili za Luther ambazo usharikani hazitajwi sana. Mwaka 1535 kinyozi wake, Peter, rafiki yake wa siku nyingi, alimwomba amfundishe kuomba. Luther akamwandikia kijitabu kizuri mno, kwamba ashike Sala ya Bwana, na Amri, na Imani, apite kipande kwa kipande bila haraka. Mwaka huohuo Peter huyo, mezani kwa jamaa zake akiwa amelewa, alimchoma kisu mkwewe aliyeoa binti yake, akamuua, akafukuzwa mji. Fikiria, mwanafunzi aliyefundishwa kuomba na Luther mwenyewe! Na mwaka 1542 binti yake Luther, Magdalena, akiwa na miaka 13, aliugua. Baba yake alimwombea kando ya kitanda kama ulivyofanya. Alifia mikononi mwake. Yule mama akirudi tena na habari za imani iliyotetereka, muulize taratibu kama ya Luther nayo ilitetereka. Kisha mkaribishe chai.

Jirani yako ni habari tofauti, na hapa nitakwenda kinyume nawe kidogo. Alikuwa na haki ya kushukuru. Mtu aliyerudishiwa mume, asipotoa hata kuku akapigwa mnada nje ya kanisa, ana moyo wa jiwe. Alipoteleza ni pale aliposema sababu, kwamba Mungu huwasikia wanaoomba kwa moyo wote, kana kwamba anajua moyo wako ulikuwa nusu. Nina hakika hakukuona ulipotoka. Mwenye furaha haoni watu wa viti vya nyuma. Nenda kwake siku isiyo ya soko, mwambie ulivyoumia. Kama ni mtu mwema atashtuka. Kama mchungaji wenu anasoma ukurasa huu, namwomba jambo dogo: baada ya kila ushuhuda wa uponyaji, watajwe na kuombewa waliozika mwaka huo. Haitachukua dakika mbili.

Mtamba. Pasipo kupindisha maneno, uliuziwa kitu na hukupewa. Ningekuwa wewe ningefunga safari na shemeji huyo aliyenipeleka, pamoja na mzee mmoja wa ukoo asiyeogopa watu wenye suti, nikamweleza mtumishi uso kwa uso kwamba siku 21 zimepita na mgonjwa amezikwa. Sikuahidi kwamba atarudisha. Lakini ni vizuri asikie, na ni vizuri walioko kwenye benchi la kusubiri nao wasikie. Sadaka inayotolewa kwa masharti ya kurudishiwa ni biashara, na mteja wa biashara ana haki ya kulalamika.

Umewataja wauguzi wa Selian mstari mmoja tu, kana kwamba wao ni pembeni ya habari. Mimi siwaoni pembeni. Uliomba mume wako asiteseke, au hukuomba hilo? Nadhani uliomba, katikati ya maombi ya kupona. Na watu walipanda pikipiki au walitembea kwenye tope, wakaja na morfini, wakamuuliza yeye maumivu yako wapi badala ya kumtaka aonyeshe nguvu. Mbele yao hakulazimika kunywa uji. Sisemi kwamba ndilo jibu la maombi yako, nisije nikaanza na mimi kufunga hesabu. Nasema usilifute katika orodha ya yaliyotokea.

Tumalizie na kijana, maana yeye ndiye aliyekufanya uandike. Unaogopa kumwombea kwa sababu unahofia akifeli utampoteza Mungu mara ya pili. Hofu hiyo ina mantiki ikiwa unamwombea mbele ya mita. Ikiwa unamwombea mbele ya aliye na hiari, unaweza kusema ukweli wako wote: nataka afaulu, nataka sana, na baada ya mwaka jana siamini sana kwamba unanisikia. Maneno hayo ya mwisho usiyatoe. Daudi na Ayubu walisema makali kuliko hayo na yakaachwa ndani ya Biblia.

Ila usimwombee kwa sauti huku yeye amesimama katikati ya duara la akina mama, mikono ishirini kichwani. Asije naye akaanza kunywa uji. Mwombee ukiwa peke yako au mkiwa wawili, kwa ufupi, halafu mwache akasome. Mpunguzie kazi za shamba na kukata majani ya ng'ombe wiki hizi zilizobaki, hakikisha ana taa inayokaa usiku, na muulize somo gani linamtoa jasho ili dada yake wa chuoni amsaidie kwa simu. Mwambie pia mapema, kabla ya mtihani, kwamba kuna njia nyingine zikikwama hizi: kuna VETA, kuna kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kuna shamba. Asidhani kwamba akipata daraja sifuri atakuwa ameaibisha maombi ya mama yake.

Ulimi ukiendelea kugoma, anza na kitu kidogo ambacho huna uchungu nacho. Mvua ya vuli, kwa mfano. Omba inyeshe kwako, na kwa kuwa unaijua barabara ya Namanga, omba inyeshe na Oldonyosambu. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Niandikie yakitoka, yawe yoyote.